Gari la Posta litasubiri lijae?

Mtu akisema Shirika la Posta sasa linasafirisha mizigo, hapa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, swali la kwanza ni moja: lina malori mangapi? Ndivyo tunavyopimana huku. Mwenye Fuso mbili ni mtu wa kusalimiwa, mwenye semi tano ni tajiri, na asiye na gari akionekana kwenye mambo ya mizigo basi huyo ni dalali. Mimi nina swali jingine, na kila nikilitoa watu wananiangalia kama nimeuliza kitu kidogo mno. Gari hilo la Posta litaondoka Dar hata likiwa nusu tupu, au litasubiri lijae?

Nauza spea za mashine: za kukoboa mpunga, za kusaga, za kupukuchua mahindi. Wateja wapya wakiingia dukani huniuliza, "Samahani dada, mwenyewe yupo?" Nikiwa na nafasi nawajibu ametoka kidogo, wakae wamsubiri. Nikiwa sina nafasi nawauliza wanataka beringi namba ngapi, na hapo wanababaika kidogo, kisha wanaanza kuniita mama. Wengi wao wanatoka Usangu: Igurusi, Chimala, Rujewa, Ubaruku, na huko ndani kuelekea Madibira. Wengine ni wa Kyela. Wa mahindi wako Vwawa na Mlowo. Mpunga ukishaanza kuvunwa, kuanzia Mei hivi, mashine zinanguruma mpaka usiku, na mashine ikisimama wenye mpunga hawakai kumpa pole mwenye mashine. Wanapakia magunia yao na kuhamia kwa jirani. Ndiyo maana mtu anayenipigia usiku kwamba beringi imekufa haanzi na bei. Anaanza na "itafika lini?"

Dukani sina kila kitu. Mwenye kila kitu ni Kariakoo na Gerezani, huko Dar, na kati yangu na Gerezani kuna kilomita zaidi ya 800: Morogoro, mbuga ya Mikumi, Kitonga, Makambako, Igawa, Inyala. Maisha yangu ya biashara ni barabara hiyo, ingawa mwenyewe naisafiri mara chache. Zinazosafiri ni mali.

Na mali hizo, ukiziangalia kwa uzito, ziko za aina tatu. Kuna ndogo za mkononi, kama beringi na sili, ambazo ukizifunga vizuri zinaingia kwenye boksi la viatu. Kuna kubwa za kujaza gari, na hizo mimi sizigusi. Halafu kuna za katikati, na hapo ndipo ninapolia. Rola za mpira za mashine ya kukoboa, ukibeba jozi chache tayari unatafuta mtu wa kukusaidia. Mota ya umeme ya kuendesha kinu. Shafti ndefu ambayo haitaki kupinda. Injini ya dizeli ya kichwa kimoja, ambayo wanaume wanne wanaitoa kwenye gari wakiwa wanagombana. Kuanzia kilo 20 hivi hadi 300. Uzito huo kwa basi ni kero, kwa semi ni uchafu.

Posta nayo, kwa desturi yake ya zamani, ilisimama chini ya mstari huo. Umoja wa Posta Duniani, ule ulioanzishwa Bern mwaka 1874, unazitaka posta za nchi wanachama zipokeane vifurushi hadi kilo 20; juu ya hapo ni hiari ya nchi na nchi. Kilo 20 ni kipimo cha binadamu mmoja. Ni uzito ambao karani anaweza kuuinua juu ya kaunta, mwingine akaupanga kwenye rafu, mwenyewe akaondoka nao begani. Kila kitu cha posta, kaunta, rafu, mifuko, mizani, vilitengenezwa kwa kufuata uzito huo. Kwa hiyo Posta inaposema inaingia kwenye mizigo, mimi nasikia kwamba inavuka mstari wa mtu mmoja kubeba. Ng'ambo ya mstari huo unahitaji rampu, toroli, makuli, godauni lenye mlango mpana, na mtu wa kusema "hiki kisilazwe."

Basi sasa nieleze ninavyosafirisha leo, maana Posta haiji kwenye uwanja mtupu.

Mali ndogo inakuja kwenye buti la basi. Nampigia wakala wangu Gerezani, ananunua, anafunga, anaandika jina langu na namba ya simu kwa makapeni, anapeleka ofisi ya basi. Hakuna mtaa, hakuna namba ya nyumba. Namba ya simu ndiyo anwani. Tangu Oktoba 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku, mambo yamekuwa mepesi sana: kinachopakiwa jioni Dar, asubuhi nakipokea Mbeya. Kwa kasi hiyo hakuna posta duniani inayoweza kunishawishi, na nadhani haina haja ya kujaribu.

Tatizo la buti ni karatasi. Kisheria anayebeba vifurushi vya watu kwa malipo anatakiwa awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na mabasi yamo humo. Lakini risiti ninayopewa, ukiigeuza nyuma, maandishi madogo yanasema kampuni haitahusika. Haitahusika na nini? Na chochote. Kuna msimu mmoja boksi langu la beringi lilipitiliza. Watu wa Mbeya wanalijua hilo neno: basi linaendelea hadi Tunduma, konda amesinzia, mzigo wa Mbeya unashuka mpakani. Siku iliyofuata ukarudishwa, lakini wakaurudisha kwenye basi ambalo nalo halikusimama. Mteja wangu wa Igurusi alikuwa ameshanunua beringi kwa mtu mwingine, kwa bei ya juu, na hakuwa na sababu ya kunisubiri. Kampuni ya basi haikunidharau, haikunitukana, walikuwa watu wa adabu tu. Wakanionyesha nyuma ya risiti.

Mali ya katikati inakuja na Fuso. Hapa hakuna saa. Unampigia dalali, anasema gari lipo, linapakia, linatoka leo. Kesho anasema bado kidogo. Keshokutwa anasema dereva amekwenda kuongeza mzigo Buguruni. Halina nia mbaya hilo gari; linasubiri lijae. Mafuta ya kutoka Dar hadi Mbeya ni yale yale likiwa limejaa au likiwa tupu, mshahara wa dereva na utingo ni ule ule, tairi zinalika vile vile Kitonga. Mwenye gari anayeondoka nusu tupu anachangia safari ya mota yangu kwa pesa yake mwenyewe, na sijawahi kukutana na mwenye Fuso wa namna hiyo.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya mizigo na posta. Mzigo unasubiri gari lijae. Barua haisubiri. Barua moja au barua elfu, mfuko unafungwa kwa lakiri na unaondoka saa yake. Babu yangu alikuwa akituhadithia mabasi ya relwe, yaani ya shirika la reli, yaliyokuwa yakiunganisha Dodoma, Iringa na Mbeya, enzi za barabara ya vumbi. Kwake yeye jambo la kukumbuka halikuwa basi lenyewe, bali kwamba siku ya basi ilijulikana, na siku ya basi ndiyo ilikuwa siku ya barua. Watu walipanga safari ya kuja mjini kwa kuifuata.

Sasa unapoingiza mota ya kilo 120 kwenye shirika lenye tabia ya barua, tabia ipi itamshinda mwenzake? Posta ikianza kusubiri lijae, imekuwa Fuso nyingine yenye nembo, na Fuso tunazo. Ikiondoka kwa saa, lazima ijue itajaza nini, kwenda na kurudi, la sivyo itakuwa inabeba hewa kupitia Mikumi.

Kwenda si shida. Jiji linatuma, mikoa inapokea. Nguo, ndoo, simu, vitu vya watu wanaonunua mtandaoni, vitabu, dawa, na spea zangu. Mali ya namna hiyo hujaza gari kabla gari halijawa zito. Shida ni kurudi. Mbeya inatuma nini kwa Posta? Fomu na vyeti vingine. Ukiangalia mizani ya barua peke yake, gari linapanda limejaa na kushuka likiwa na mifuko michache kwenye kona.

Lakini ondoka kwenye kaunta, nenda stendi jioni yoyote, angalia watu wanaotuma mizigo Dar wanatuma nini. Mchele. Mama anamtumia binti yake aliyeolewa Tabata. Kijana wa Kyela anamtumia mjomba aliyemsomesha. Mwalimu anamtumia mwenzake aliyehamishwa, na mwenzake anauza kwa majirani, na hapo mchele umeshakuwa biashara bila mtu kuitangaza. Mfuko wa kilo 25, wakati mwingine 50, umeshonwa, mkavu, hautoi maji, haunuki kama samaki, hauozi kama parachichi, hauvunjiki kama mayai. Una jina la mtumaji na jina la mpokeaji. Huo ukiutazama vizuri ni kifurushi. Umekosa stempu tu.

Na ni mzigo mzito usiochukua nafasi, kinyume kabisa cha ndoo na nguo zilizopanda. Gari lililopanda limejaa bila kuwa zito linashuka likiwa zito bila kujaa. Anayepanga magari atakuwa amepata alichokuwa anakitafuta.

Viazi nawaachia Fuso. Mtu wa Isyonje au Umalila akisikia habari hizi atafikiria magunia yake, na mimi namwambia mapema asisumbuke. Kiazi kinapumua, kinatoa maji, kinabadilika bei Dar kati ya asubuhi na mchana, na kinafungwa lumbesa, gunia lililojazwa hadi likapita mdomo wake. Hilo la lumbesa peke yake lingeua ndoa. Wakala wa Vipimo wamepiga vita lumbesa kwa miaka, ukomo ni kilo 100 kwa gunia, na bado gunia linavaa kilemba. Posta inatoza kwa kilo. Mnunuzi wa lumbesa anaishi kwa kilo zisizotajwa. Hao wawili hawawezi kukaa gari moja.

Kuna jambo moja la mchele ambalo Posta itabidi ilishughulikie kabla halijawa kelele, nalo ni geti la ushuru. Tangu mabadiliko ya mwaka 2017, mazao yasiyofika tani moja yakivuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru. Mama wa kilo 25 yuko salama. Lakini gari lenye mifuko 300 ya akina mama 300, geti wataona nini? Wataona tani saba na nusu za mchele. Hapo ndipo karatasi ya Posta inapaswa kufanya kazi: orodha inayoonyesha kila mfuko na mwenyewe, anayetuma na anayepokea. Fuso haiwezi kutoa orodha hiyo kwa sababu haimjui mwenye mfuko, inamjua dalali. Posta inaweza, kwa kuwa kuandika nani kamtumia nani ndiyo kazi yake tangu azaliwe.

Niseme kidogo kuhusu malori, kwa sababu najua yatanunuliwa. Viongozi wanapenda kukata utepe mbele ya gari jipya, na siwalaumu, gari linapigika picha vizuri kuliko orodha.

Wajapani walifanya kikubwa kuliko kununua malori. Mwaka 2015 Japan Post walinunua kampuni nzima ya mizigo ya Australia, Toll, kwa dola za Australia takriban bilioni 6.5. Barua zilikuwa zinapungua nyumbani kwao, mizigo ilikuwa inakua, hesabu ilionekana imekaa sawa. Mwaka 2017 wakafuta kwenye vitabu vyao kama yen bilioni 400 za thamani ya ununuzi ule, na shirika likaandika hasara ya kwanza ya mwaka tangu libinafsishwe mwaka 2007. Mwaka 2021 wakauza kitengo cha vifurushi vya haraka cha kampuni hiyo kwa pesa ambayo ukiilinganisha na waliyonunulia unaweza kudhani kuna sifuri zimeanguka njiani.

Wajerumani walipita njia hiyo hiyo na ikawatoa. Deutsche Post walinunua Danzas ya Uswisi mwaka 1999, wakaimiliki DHL yote mwaka 2002, wakaongeza Exel ya Uingereza mwaka 2005, na mwaka 2023 kundi zima likajiita DHL Group. Posta imemeza kampuni ya mizigo hadi ikachukua jina lake. Mimi sijui fedha za kiwango hicho zinavyofikiriwa, lakini historia ya DHL yenyewe inanipendeza, na inanifaa. Ilianza San Francisco mwaka 1969, na haikuanza na mizigo. Ilianza kwa kupeleka karatasi za mizigo kwa ndege hadi Honolulu, ili meli ikifika forodha iwe imeshamaliza kazi. Meli ni za watu wengine, shehena ni ya watu wengine, wao wanabeba karatasi inayofanya shehena itoke. Hawakuwa na meli hata moja.

Shirika letu la Posta lina mtaji wa namna hiyo. Lilianza kazi Januari 1994, baada ya lile shirika la pamoja la posta na simu kugawanywa kwa sheria za mwaka 1993. Mmoja akabaki na simu, mwingine na barua, na sote tunajua simu ilivyomfanya mwenye barua. Kilichobaki mkononi mwa Posta ni ofisi. Siyo Mbeya mjini tu bali wilayani, mahali ambapo kampuni ya mizigo haiwezi kupanga chumba kwa sababu biashara ya siku moja hailipi kodi. Kaunta, mizani inayokaguliwa, risiti yenye namba, na mtu mwenye kitambulisho ambaye kesho utamkuta pale pale. Kwa mfanyabiashara wa spea hiyo ni mali kuliko Fuso kumi.

Malori ya kukodi yapo. Semi zinazopeleka mizigo Zambia na Kongo zinapita hapa usiku na mchana, zingine zinarudi Dar zikiwa hazina kitu. Foleni ya Tunduma ikikaza utayaona yamejipanga kama uzio. Posta inunue nafasi, isinunue injini. Ikodi nusu ya gari kwa saa maalumu, iweke lakiri yake, na mwenye gari ahangaike mwenyewe na tairi, na mizani ya Makambako na Wenda, na ukomo wa tani 56, na foleni ya Kitonga siku lori limelala katikati ya kona. Ikitokea TAZARA ikarudi kwenye hali iliyokabidhiwa nayo mwaka 1976, kilomita 1,860 za reli kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, injini zangu za dizeli nitazipandisha treni bila kufikiri mara mbili. Injini haina haraka. Mteja akinunua injini ameshajiandaa.

Halafu bei. Hapa nataka Posta iwe makini, isije ikacheka miezi sita halafu ikalia. Kutoza kwa kilo peke yake kunafaa barua. Kwenye mizigo kuna watu kama mimi wenye vyuma, vizito na vidogo, na kuna jirani yangu anayeuza ndoo na mabeseni, mepesi na makubwa. Kwa kilo, mimi namlipia yeye. Kampuni za vifurushi vya ndege hupiga urefu kwa upana kwa kimo kwa sentimita, zinagawa kwa 5000, na zikipata namba kubwa kuliko uzito wa mizani zinatoza hiyo namba. Boksi la feni ya kupepetea lenye sentimita 60 kila upande ni 216,000. Gawa kwa 5000 unapata kilo 43, hata kama mizani inasema 12. Watu wa Kariakoo wanaochangia kontena kutoka China wanaijua lugha hii, wanahesabu kwa CBM, yaani mita za ujazo, na hakuna anayenuna. Mama wa mchele haijui na haimhusu, maana mchele wake ni mzito kuliko nafasi unayochukua. Lakini ielezwe kaunta mapema, kwa karatasi ubaoni, kabla mwenye mabeseni hajapasua sauti.

Wamarekani walijifunza hilo kwa kicheko. Posta yao ilianza kubeba vifurushi vya ndani Januari 1913, na mwaka 1916 mtu mmoja wa mji wa Vernal, Utah, mji ambao reli haikufika, akapiga hesabu akaona nauli ya posta ni nafuu kuliko magari ya mizigo. Akajenga benki kwa matofali yaliyotumwa kwa posta kutoka Salt Lake City. Matofali kwa maelfu, yamefungwa kwenye makasha yasiyozidi ratili 50, ndio ulikuwa ukomo. Posta ikayabeba kwa reli ya kuzunguka, kisha kwa magari ya farasi, kwa hasara, kwa kuwa sheria ilikuwa inasema ibebe. Baadaye wakaweka ukomo wa ratili 200 kwa siku kutoka kwa mtumaji mmoja kwenda kwa mpokeaji mmoja. Jengo la benki bado lipo. Nikiwafikiria wafanyabiashara wa Mwanjelwa ninaowajua, nina uhakika wapo ambao wangeanza na saruji wiki ya kwanza.

Kinachobaki ni kipande cha mwisho, na kwangu ndicho kikubwa. Barabara kuu inagombewa na kila mtu. Hapa mjini hata inapanuliwa, njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, na kwa sasa vumbi lake tunalila bure. Lakini mteja wangu wa Ubaruku hayuko barabarani. Mali ikifika Chimala au Rujewa inabaki stendi, natafuta bodaboda kwa simu, simjui, hanijui, namtumia nauli, na mota ya laki kadhaa inaondoka ikiwa imefungwa kwa mpira wa tairi nyuma ya pikipiki. Mara nyingi inafika. Vijana wale ni waaminifu kuliko wanavyosemwa. Ila kama ikidondoka, hakuna hata risiti ya kugeuza nyuma.

Hapo Posta ikiwa na bajaji ya mizigo, ile ya matairi matatu yenye bodi, siku mbili kwa wiki zinazojulikana, imeshanipata. Hata isiende hadi mlangoni. Ifike kwenye kijiji, ipige simu, isubiri nusu saa. Na zile anwani za makazi zilizobandikwa nchi nzima mwaka 2022, pamoja na msimbo wa posta unaoanza na 53 kwa huku kwetu Mbeya, zingepata kazi ya kufanya. Kwa sasa ukimuuliza mtu msimbo wake anadhani unataka namba ya siri ya simu.

Mwenye mashine mmoja wa Igurusi, mzee wa makamo, nilimweleza haya yote akiwa amekaa kwenye kreti dukani kwangu. Alisikiliza vizuri, akasema, "Mama, mimi nataka kitu kimoja. Anipigie yeye, nisimpigie mimi." Ana haki. Ukiwa na mzigo kwenye Fuso, kazi ya kupiga simu ni yako: dalali, dereva, utingo, tena dalali. Nafikiri nusu ya vocha yangu ya mwezi ni kuuliza "mmefika wapi?"

Msimu huu nitaipa Posta mikanda na machekeche. Ni vyepesi, haviharibiki, na naviagiza mapema, kwa hiyo vikichelewa siku mbili sitapoteza mteja. Beringi zitaendelea kupanda basi. Rola na mota nitaziacha kwenye Fuso kwanza, mpaka nitakapopigiwa na wakala wangu wa Gerezani, wiki ya katikati ya mwezi ambapo hakuna mtu mwenye pesa na mizigo ni michache, aniambie gari la Posta limeondoka na lilikuwa nusu tupu.